Mwaka Niliompeleka Mzee Ziwani

Wiki iliyopita, kwenye kliniki ya Oud Metha ninakosimamia wasafishaji, mwanamke mmoja wa Kizungu alikuwa akibishana na binti wa mapokezi kuhusu saa ya miadi yake ya meno. Nilikuwa nimewapa mgongo, napanga maboksi ya glavu kabatini, na nilimjua kwa sauti kabla sijageuka. Ilikuwa ile sauti ya mtu anayeomba radhi huku amekataa kushindwa. Nywele zake, nilizoziacha za kahawia, zilikuwa nyeupe kichwa kizima. Akanitazama, akaisoma beji kifuani kwangu, akanitazama tena. "Zuhura?" "Ndiyo, madam," nikajibu, ingawa miaka mingi imepita sijamwita mtu madam. Tukakaa kwenye viti vya wagonjwa kama dakika kumi. Alikuwa amepita Dubai siku tatu kumtembelea rafiki yake, jino likamvunjikia kwenye kokwa la tende. Nikamuuliza habari za baba yake, ingawa nilijua umri haungeruhusu jibu jema. Alifariki miaka mitatu baada ya mwaka ule, akasema, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwao Uingereza. "Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anauliza tunaenda ziwani saa ngapi." Kisha wakamwita jina, akanigusa bega, akaingia kwa daktari. Nilirudi kwenye glavu zangu, lakini tangu siku ile nimekuwa nikipika, nikifua, nikipanda metro, na mwaka ule umekaa pembeni yangu kama abiria asiyeteremka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na yule mwanamke, Madam Helen, ndiye aliyekuwa kafeel wangu, mwajiri aliyenidhamini viza. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kazi, simu mbili na baba. Tulikaa ghorofa ya kumi na moja kule Jumeirah Village Circle, wakati ambapo nusu ya mitaa ile bado ilikuwa mchanga na winchi za ujenzi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, na mashine ya kufulia ilisimama miguuni pa kitanda, ikianza kukamua kitanda nacho kinatetemeka. Sebule ilikuwa kubwa na nyeupe, yenye dirisha la ukuta mzima, na mbele ya dirisha hilo alikaa baba yake, Sir Alan, tangu asubuhi mpaka nilipomwita kula. Alikuwa na miaka sabini na nane. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na bintiye akamleta Dubai kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwachia. Alikuwa mrefu, safi, mwenye adabu, na mambo mapya hayakukaa kichwani mwake. Ya zamani yalikuwepo yote, na majina ya mbwa waliokufa. Ya jana yalivuja kama maji kwenye chujio. Kila mchana alinisogezea sahani ya mkate wenye nyama ya nguruwe, kila mchana nikamwambia mimi Mwislamu, na kila mchana akaona aibu upya, akaniomba radhi kwa moyo wake wote.

Lililokuwa gumu zaidi ni mkewe. Kila baada ya siku mbili tatu aliuliza, "Margaret yuko wapi?" na Madam Helen akaacha kompyuta yake, akapiga magoti mbele ya kiti, akamwambia. Mimi nilisikia nikiwa jikoni. Kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Alilia kama mtu aliyeletewa habari na mpiga hodi. Nilisimama na kijiko mkononi nisijue nikoroge au niache. Halafu siku moja, baada ya miezi kama miwili hivi, nikasikia Madam akimjibu kwa sauti nyepesi, "Ametoka kidogo, Baba." Mzee akasema "Aa," akaendelea kutazama winchi. Nilikasirika. Kwetu aliyekufa hatajwi kama aliyekwenda sokoni. Nilimwona Madam mtu mvivu wa huzuni, na nikaendelea kumwona hivyo kwa miezi mingi, nikimpikia na kumpigia pasi nguo zake huku hukumu yangu nimeihifadhi kifuani.

Maji yalianza kwa picha. Ukutani kulikuwa na picha ya Sir Alan na mkewe wamekaa kwenye viti vya kukunja, mbele yao maji mengi ya kijivu na vilima vya kijani. Mzee alikuwa akinieleza, mara nyingi kwa maneno yale yale, kwamba kila Jumamosi ya ndoa yao walikwenda ziwani. Si baharini, bahari aliidharau, alisema ina kelele. Walikwenda kwenye maziwa na mabwawa ya mashambani, wakazunguka kwa miguu, wakakodi boti ya makasia, wakala mkate, wakarudi. Kwa hiyo Ijumaa, siku ya mapumziko, Madam akaanza kutuendesha mpaka kwenye yale maziwa ya jangwani ya kuchimbwa, nje ya mji, ambako bata wanaelea na mchanga unaanza hatua mbili kutoka majini. Familia zilikuwa zinachoma nyama, moshi mtupu, watoto wanawafukuza ndege. Mara ya kwanza Sir Alan alisimama ukingoni mikono nyuma, akakagua. "Hili si ziwa," akasema. "Kuna mtu amelichimba." Lakini akakaa, na mchana ule akala sandwichi mbili, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Moses, mlinzi wa jengo letu, Mganda, alikuwa anatucheka tukirudi na viti vyetu vimejaa mchanga. "Lakini dada Zuhura, huyu mzee anataka maji ya nini? Si kuna pool hapo juu, na hakuna mtu anaogelea?" Nikamwambia hataki kuogelea, anataka kutazama tu. Moses akafikiri. "Kumbe wazungu pia wanajua kukaa bure," akasema, akatufungulia lifti.

Mwezi wa saba joto lilipokuwa haliwezekani, Madam akaniambia tunakwenda Uingereza wiki sita, mimi nikiwa wa kumwangalia mzee. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kwenye mkoba wake; niliiona uwanja wa ndege tu, akiitoa na kuirudisha. Nyumba ya Sir Alan ilikuwa ya mawe, nyembamba, imeegemea jirani zake pande zote mbili. Jiko lilikuwa na meza ya mbao iliyochubuka, dirisha lilinasa mvua ikinyesha, na mvua ilinyesha sana. Nilipewa chumba kidogo cha juu chenye dirisha, dirisha la kwanza kuwa langu tangu nitoke nyumbani, na nililala nikiangalia paa zilizolowa. Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Dubai, hata nikiwa mpweke, nilikuwa nasikia Kiswahili lifti inapofunguka, Mkenya anamkaripia mwenzake kwenye simu, Mganda anaomba chaja. Huko nilipita wiki nzima bila kutamka neno moja la lugha yangu, mpaka nikaanza kuhesabu ngazi kwa sauti nilipopanda kulala, ili nisikie moja, mbili, tatu zikitoka kinywani mwa mtu.

Mzee, kwa upande wake, alifufuka. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Madam Helen alitupakia kwenye gari la kukodi na kikapu chetu, akatuteremsha kwenye bwawa lililokuwa mwendo wa nusu saa, akatuambia atatufuata saa kumi. Lilikuwa bwawa la maji ya kunywa ya mji fulani wa mbali, limezuiwa kwa ukuta mkubwa wa mawe, na kibao kikikataza watu kuogelea kwa sababu ya baridi. Sikuwahi kuona watu wakihangaika hivyo kwa raha. Walikuja na mitumbwi imefungwa juu ya magari, wakaishusha, wakavaa mpira mwili mzima, wakachoka, wakapakia upya. Wazee walivua samaki chini ya miavuli ya kijani, wakimpata wanampiga picha na kumrudisha majini. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimgeukia Sir Alan nikidhani nitamkuta anacheka, lakini aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeshuhudia jambo la dini. Tulizunguka bwawa lote, saa mbili kwa mwendo wake, kuta za mawe na kondoo upande mmoja, maji upande mwingine. Watu waliopita na mbwa walisema "asubuhi njema" kwake na kunitazama mimi nusu sekunde zaidi. Mvua ikitukuta tulijibanza chini ya paa la kibanda cha boti, tukala mkate wa yai na tango, tukanywa chai ya kwenye chupa. Hatukuzungumza sana. Nimefikiri juu ya ukimya ule miaka mingi. Wakati huo niliuona kama umaskini, watu wawili waliokosa la kuambiana. Siku hizi, nikirudi mtaa wa Al Twar, hapa Dubai, kwenye chumba chenye wanawake wanne na simu nne zinazolia, nauona tofauti.

Wiki ya kwanza haijaisha, nilisikia kwa nini tunapelekwa. Nilikuwa kwenye ngazi na nguo za kufua, Madam yuko jikoni anaongea na dalali wa nyumba. "Siku za ziwa ndizo nzuri," alikuwa anasema. "Hayupo kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja. Leteni wateja muda huo." Yule dalali akauliza kitu, na Madam akamjibu, "Hapana, hajui. Nikimwambia itamuumiza, kesho atasahau, halafu itabidi nimwambie tena. Nimeshafanya hivyo kwa kifo cha mama. Siwezi kwa nyumba pia." Nilirudi juu na zile nguo chafu. Nilikaa kitandani nazo mapajani. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namtoa. Kila nilipomfunga kamba za viatu na kumwambia "Yalla, sir, twende," nilikuwa namtoa nyumbani kwake ili watu waingie kupima madirisha.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Jioni moja, jua bado halijatua kama desturi ya kule, nilimpigia Bi Salma wa Al Twar. Bi Salma ni wa Unguja, watu wao wapo Dubai tangu zamani, na siku zangu za mapumziko nilikuwa nakwenda kwake kula chakula chenye nazi na kusemwa kwamba nimekonda. Nilimweleza yote. Hakungoja nimalize. "Mwanangu, mtu auziwe nyumba yake naye amepelekwa kutembezwa? Huo si wizi huo? Na wewe ndo unoshika mlango! Mwambie. Mungu atakuuliza wewe, hatomuuliza dalali." Nilimwambia mzee anasahau. "Akisahau ni yake," akasema. "Wewe ushaitua dhamana." Nilipokata simu nilijisikia mwepesi, jinsi mtu anavyojisikia akishaamuliwa na mwingine.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na mvua. Sir Alan alikodi boti, akanivalisha jaketi la kuelea na kunifunga kamba zake mwenyewe, maana kwenye maji mambo yaligeuka, yeye ndiye alikuwa mwangalizi na mimi mgonjwa. Mimi siyajui maji. Nimekulia kwenye mahindi. "Kaa katikati, Zura," akasema, hakuwahi kulimaliza jina langu. "Ukiogopa nitazame mimi, usitazame maji." Mikono yake ilikuwa haijasahau chochote. Tulikwenda sawasawa, bila kurusha tone, mpaka ufukwe ukawa mstari na sauti za watu zikakatika. Aliimba kidogo. Nilimwona jinsi alivyokuwa na furaha, na nikajua nisiposema hapo sitasema popote.

"Sir," nikasema, "nyumba yako inauzwa."

Alidhani Kiingereza changu kimeteleza. "Nyumba gani?"

"Yako. Madam Helen anaiuza. Siku tukija huku, watu wanakuja kuiona."

Akaacha kupiga makasia. Aliyaweka ndani ya boti, polepole, yote mawili, na boti ikaanza kwenda ilikotaka. Upepo ulikuwa unatupeleka upande wa ukuta, kwenye mstari wa maboya mekundu ambayo tulikatazwa kuyavuka. Hakutazama huko. Macho yake, ambayo kwa kawaida yalikuwa na ukungu wa mtu anayetafuta neno, yalikuwa yametakata kabisa, makali. "Wewe umejua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Wiki tatu, sir."

"Wiki tatu," akasema. "Na tumekula chakula pamoja." Kwenye kibanda, yule mkodishaji boti alikuwa ameanza kupiga kelele kwa kipaza sauti. Maboya yalikuwa karibu, niliona kutu ya minyororo yake. Nilimwomba, nikasema makasia, sir, tafadhali, makasia, mpaka nikageukia Kiswahili bila kujua, nikimwita baba. Ndipo akayachukua. Alipiga makasia kurudi kwa nguvu ambazo sikujua anazo, uso umekuwa mwekundu, na tulipofika alinishika mkono nishuke, akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Ulichelewa, lakini umefanya vizuri." Hatukungoja saa kumi. Tulipanda basi, tukiwa tumelowa miguu, akiwa amekaa wima kama anakwenda mahakamani.

Jikoni tulimkuta Madam Helen na wateja, mume na mke, vijana, mke ana mimba kubwa. Madam alinitazama mimi, si baba yake, na akajua. Nilingoja mzee apige kelele. Alivua kofia. Akawasalimia kwa mkono, akawauliza wametoka wapi. Kisha akawaonyesha nyumba. Aliwaonyesha bomba linalotaka kufunguliwa kwa kushoto, dirisha linalonasa, ngazi ya tatu inayolia. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha nyuma alisimama. "Mke wangu alifia humu," akawaambia. "Ni chumba kizuri. Kina jua asubuhi. Mtoto atakipenda." Yule mwanamke mwenye mimba alianza kulia, na mumewe akasema watapiga simu. Walipoondoka Sir Alan alipanda chumbani kwake akafunga mlango. Madam aliosha vikombe vitatu, akavifuta, akaviosha tena. Hatukula. Kupitia ukuta nilimsikia mzee, jioni nzima, analia na kumwita Margaret, akimwambia nyumba imekwenda. Na kwa kuwa alimwita akaja kukumbuka tena kwamba amekufa, nikasikia na hilo likimfika upya. Nilikuwa nimemletea misiba miwili kwa mkupuo mmoja. Nilimwomba Mungu anisamehe, halafu nikashindwa kujua nimwombe kwa lipi, kwa kusema au kwa kunyamaza zile wiki tatu.

Asubuhi nilikuwa jikoni na Madam, tumekaa kila mmoja na chai yake, tuliposikia ile ngazi ya tatu. Sir Alan aliingia amevaa koti la kutembelea, amechana nywele, kamba za viatu zinaburuta. Macho yalikuwa na ukungu wake wa kila siku. Alimbusu bintiye kichwani. "Siku nzuri," akasema. "Leo tunaenda wapi, ziwani?"

Madam Helen alinigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo silisahau. "Utamwambia wewe tena, Zuhura, au nimwambie mimi?"

Nilimwona mzee amesimama pale anatabasamu, anangoja tumalize mambo yetu tumwambie ratiba. Nikakumbuka kijiko mkononi mwangu kule Dubai, siku Madam alipoacha kupiga magoti. Nilichukua mkate, nikaanza kukata vipande vya kubeba ziwani.

Nyumba iliuzwa kwa wale wale vijana. Tulirudi Dubai wote watatu, na nilimtunza mzee mpaka mwisho wa mkataba wangu, na Madam na mimi tukawa kama watu waliobeba kabati moja kwenye ngazi, mmoja juu mmoja chini, ambao hawana haja ya kupendana ili wasiliangushe. Mkataba ulipoisha alinipa pasi yangu na barua nzuri, khalas, kwisha, nikaenda kuanza kazi kliniki. Bi Salma nilimwambia nimeitua dhamana. Sikumwambia yaliyofuata.

Lakini kabla ya kuondoka Uingereza tulikwenda bwawani mara moja zaidi, Jumatano. Kulikuwa na manyunyu, boti hazikukodishwa. Tulikaa kwenye viti vyetu chini ya mti, nikiwa nimejifunika shuka la mzee, naye akanisimulia mipango. Majira ya kuchipua atapanda maharage nyuma ya nyumba. Atabadilisha lile dirisha la jikoni, linamchosha kunasa. Chumba cha nyuma atakipaka rangi, rangi ya njano nyepesi. "Na wewe utakuja, Zura? Mwakani, ukaone maharage?"

"Inshallah, sir."

Akacheka. "Kule kwenu Dubai wanalisema sana hilo neno. Sijawahi kujua kama ni ndiyo au hapana."

Mvua ilikuwa inatoboa maji mbele yetu, vitundu elfu, vikijifunga vyenyewe. Alikuwa amenigeukia, anangoja jibu kwelikweli.

"Ni ndiyo, sir," nikasema. "Ni ndiyo."